MEZA YA NYUMBANI: Chapati za Maji za Mchele na Matofaa kwa Asubuhi ya Sikukuu



Chakula cha asubuhi ya sikukuu chajulikana katika nyumba nyingi za kwetu: chai ya maziwa, maandazi, chapati na mkate. Vyote ni vyema, na mama wa nyumba huamka alfajiri kuvitengeneza. Walakini vyote, isipokuwa chai, vyatoka katika mfuko mmoja, yaani mfuko wa unga wa ngano. Basi katika nyumba ambayo mtoto mmoja hawezi kula ngano, asubuhi ile ya furaha yaweza kuwa kwake asubuhi ya kunyimwa. Wenzake hukaa mezani na maandazi ya moto, naye hupewa kiazi katika sahani ya peke yake. Kiazi si chakula kibaya. Kibaya ni kule kutengwa. Kwa hiyo mwezi huu twawapa mapishi ambayo nyumba nzima yaweza kuyala katika sinia moja.

Kwanza tufahamu sababu. Mama akikanda unga wa chapati huona jinsi donge linavyovutika bila kukatika. Mnato ule watokana na kitu kiitwacho gluteni, nacho kimo katika ngano, katika shayiri na katika nafaka ya Ulaya iitwayo rai. Watu wengi hula gluteni wala isiwadhuru. Lakini wako wenye ugonjwa wa siliaki, ambao yapata mtu 1 katika kila watu 100 ulimwenguni anao. Mtu huyo akila gluteni, mwili wake hugeuka na kuupiga vita utumbo wake mwenyewe. Vile vinyweleo vidogo vya utumbo mwembamba, ambavyo kazi yake ni kunyonya chakula, hulika na kulala chini. Ndipo mtoto hula asinenepe; tumbo hujaa, huhara mara kwa mara, hupungukiwa na damu, tena hukawia kukua kuliko wenzake.

Watu wa zamani waliuona ugonjwa huu lakini hawakujua chanzo chake. Mwaka 1888, katika mji wa London, daktari Samuel Gee alieleza vizuri dalili zake, akasema ya kuwa kama mgonjwa aweza kuponywa kabisa, itakuwa kwa njia ya chakula. Ila ni chakula gani, hakukijua. Aliyekigundua ni daktari wa watoto wa Uholanzi, jina lake Willem Karel Dicke. Huyu alianza kuishuku ngano hata kabla ya vita vya pili vya dunia kwisha. Kisha katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hata 1945 njaa kubwa iliishika Uholanzi, na mkate ukaadimika. Watu wengi walikufa kwa njaa ile; lakini watoto wenye siliaki, waliokosa mkate kama wengine, walionekana kupata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 Dicke aliyaandika mambo hayo katika kitabu chake cha shahada huko Utrecht, na baada yake wenzake wakathibitisha ya kuwa chenye kudhuru ni gluteni. Hata leo hakuna dawa ya kuuondoa ugonjwa huu. Dawa ni kuiacha gluteni siku zote za maisha.

Msidhani ya kuwa ni ugonjwa wa Wazungu tu. Katika bara letu hili la Afrika, watoto wa Wasahrawi walipopimwa, habari zilizotolewa mwaka 1999 zilionyesha ya kuwa zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nao. Basi mzazi akiziona dalili hizi asimpige mtoto kwa kusema, "Huyu anachagua chakula," wala asikimbilie kumwachisha ngano kwa shauri la jirani. Ampeleke kwa daktari, damu ipimwe. Tena ampeleke angali akila ngano. Maana akiisha kuiacha siku nyingi, kipimo chaweza kuficha ugonjwa.

Twashukuru ya kuwa nchi zetu zina nafaka nyingi zisizo na gluteni: mchele, mahindi, mtama, uwele na ulezi, tena kuna muhogo, viazi na ndizi. Na watu wa pwani tangu zamani hupika vibibi, chapati laini za mchele na tui la nazi, zisizotiwa hata chembe ya ngano. Mapishi yetu ya leo ni ndugu ya vibibi, ila tumepunguza sukari tukaongeza matofaa. Twasema matofaa, nayo ni yale ya nchi za baridi, yenye nyama ngumu, yalimwayo Lushoto na Njombe, na ambayo mengi madukani huletwa kutoka Afrika ya Kusini. Si lile tofaa jekundu la Unguja lenye maji mengi. Lile ni tunda jingine, ingawa jina ni moja.

VITU VINAVYOTAKIWA kwa watu 6 (kikombe ni cha robo lita):

Mchele vikombe 2.
Wali uliopoa, vijiko 3 vya mezani.
Tui la nazi, kikombe 1 na nusu.
Hamira, kijiko 1 cha chai.
Sukari, vijiko 2 vya mezani.
Mayai 2.
Matofaa 4.
Iliki iliyopondwa, nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo, kipande cha mdalasini, ndimu 1, mafuta kidogo ya kupakia kikaango.

NAMNA YA KUPIKA. Jioni ya mkesha, chagua mchele, uoshe, uloweke katika maji safi hata asubuhi. Alfajiri umwage maji yote. Saga mchele pamoja na wali, tui, sukari na iliki, kwa jiwe au kwa mashine, hata uwe laini kabisa. Ukiusugua kati ya vidole viwili usisikie chenga. Wali ule usiuache; maana mchele hauna mnato wa ngano, na wanga uliokwisha kupikwa ndio utakaoshika mahali pake, chapati isikatike. Mayai nayo husaidia kazi hiyohiyo.

Koroga hamira katika vijiko 2 vya maji ya uvuguvugu, utie ndani ya uji ule, ufunike, uweke penye joto yapata saa nzima. Saa hiyo yatosha kuwaogesha watoto na kuwavika nguo zao za sikukuu. Ukirudi utaona mapovu juu. Ndiyo alama ya kuwa umeumuka.

Wakati wa kungoja, osha matofaa. Mawili yakate vipande vyembamba pamoja na maganda yake, uyatie sufuriani na nusu kikombe cha maji, mdalasini na matone ya ndimu. Funika, uyapike kwa moto mdogo yapata dakika 10 hata yalainike. Usitie sukari, yana utamu wake. Hayo ni mchuzi wa kumiminia juu.

Mawili yaliyobaki yaparuze saa ile ile ya kupika, si mapema, maana tofaa likiparuzwa hugeuka rangi na kutoa maji. Lidondoshee ndimu, kisha ulichanganye na ule uji pamoja na mayai yaliyopigwa na chumvi. Uji uwe mzito kama maziwa ya mgando; ukizidi uzito, ongeza tui au maji kidogo kidogo.

Pasha kikaango kwa moto wa kadiri, ukipanguse kwa kitambaa chenye mafuta. Mimina upawa mmoja, ufunike. Usiwe na haraka! Chapati ya ngano yavumilia kugeuzwa mapema, hii haivumilii. Ngoja dakika 3 hivi, hata vitundu vionekane juu na uso uwe mkavu, ndipo uigeuze kwa dakika 2 nyingine. Ya kwanza ni ya kupimia moto. Ikiungua chini ingali mbichi juu, punguza makaa. Utapata chapati yapata 12.

Kama matofaa ni ghali, tumia ndizi mbivu zilizopondwa. Na pwani mwezi wa Desemba embe hazikosekani. Asiyetaka mafuta mengi ya nazi, na atumie nusu tui na nusu maji. Sukari tumeweka vijiko 2 tu, ingawa wengine hutia nusu kikombe katika kadiri hii ya mchele. Wasioizoea watalalamika kwa chapati ya kwanza. Wakiisha kuimiminia matofaa ya moto hawatalalamika tena.

JAMBO LA KUANGALIA SANA. Wema wote huu waweza kuharibika kwa vumbi kidogo la unga. Mwenye siliaki hudhuriwa na chembe tu. Kwa hiyo kibao cha kusukumia chapati, chekeche na mwiko wa mti uliokorogea ngano visitumike kwa chakula chake. Mti hushika unga hata ukioshwa. Mafuta yaliyokaangia maandazi yasikaangie chake. Unga wa mchele uliosagwa katika kinu cha kusagia ngano nao si salama. Ndiyo sababu twaloweka mchele na kuusaga nyumbani. Tambi, biskuti, sambusa na bokoboko vyote vina ngano. Vitu vya pakiti, hata hamira, visomwe maandishi yake kwanza.

Tena yuko shangazi au babu ambaye kwa huruma husema, "Mpe kidogo tu, leo ni sikukuu." Mwelezeni kwa adabu, kabla ya siku yenyewe, ya kuwa utumbo hauijui sikukuu. Haba na haba hujaza kibaba, na chembe ya leo na ya kesho ndizo zinazomdhoofisha mtoto.

Walimu nao wana sehemu yao. Watoto shuleni hubadilishana vyakula kwa upendo, na mwenye siliaki huona haya kukataa. Mwalimu akijua habari, ataweza kumkinga bila kumtangaza mbele ya darasa.

Mwisho, tusipotoshe maneno. Aliye mzima hana sababu ya kuikimbia ngano, na mkate wa ngano isiyokobolewa ni chakula kizuri. Uzuri wa chapati hizi kwa watu wote ni tunda lililomo, sukari iliyopungua na mafuta kidogo. Wazee wamesema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Basi hata mtoto ambaye tulidhani ni mzigo jikoni, huenda kwa ajili yake nyumba nzima ikajifunza kula vizuri zaidi. Lowekeni mchele jioni ya mkesha, na asubuhi sahani zote ziwe sawa.