Beni na Butembo: mzazi anayefundisha nyumbani havunji katiba

Mtaani Beni, mashambulizi ya ADF yamefunga shule nyingi. Huko na mjini Butembo, mzazi Mkristo anayeamua kumsomesha mtoto wake nyumbani hastahili kuitwa mvunja sheria: kifungu cha 43 cha katiba ya 2006 kinawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya kuelimisha watoto wao. Kifungu hicho hicho kinafanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, kwa hiyo haki hiyo si ruhusa ya kumwacha mtoto bila masomo. Tatizo ni cheti. Serikali tayari inapokea watu waliojisomea wenyewe kwenye Exetat. Iwafungulie mlango huo pia watoto wanaomaliza msingi nyumbani.