Nipisheni Njia, Funguo Kaeni Nazo

Pikipiki ikipita hapa Ikolo imembeba mama mwenye uchungu, inawahi Kyela mjini, kila mtu anaipisha. Mwenye baiskeli ya kokoa anashuka kando. Lakini hakuna anayemkimbilia dereva kumkabidhi funguo za nyumba yake. Kwenye kompyuta mambo haya mawili bado tunayachanganya.

Mwaka jana, chuoni, niliomba huduma inayoendesha klasta yetu ya utafiti ipewe kipaumbele. Klasta ni kompyuta kadhaa zinazofanya kazi kama moja. Hupokezana kijiti muda wote ili kujulishana kuwa zi hai. Moja ikielemewa na hesabu, ikachelewa kukipokea, wenzake huihesabu imekufa, huitenga na kugawana kazi zake. Marehemu mwenyewe yu mzima, anapiga hesabu. Ndiyo maana huduma hiyo ndogo lazima itangulie programu nyingine zote.

Msimamizi akanijibu: “Kipaumbele ni cha ruti tu. Chukua nywila.”

Nikaichukua, kwa aibu yangu. Miezi miwili baadaye, nikifanya usafi usiku kama ruti, nikafuta folda ya mwenzangu nikidhani ni yangu. Vipimo vya mvua vya msimu mzima, alivyovisoma kwa macho yake kila asubuhi. Mashine haikuniuliza kitu.

Kauli ya msimamizi ilikuwa kweli zamani. Tangu toleo la 2.6.12 la kerneli ya Linux, mwaka 2005, mtumiaji wa kawaida anaweza kuruhusiwa kupandisha kipaumbele hadi kiwango alichowekewa: mstari mmoja wa rtprio kwenye faili la limits.conf. Mstari wa pili, memlock, huiruhusu huduma kuizuia kumbukumbu yake isihamishiwe diski. Basi. (Ikianzishwa na systemd, ruhusa hizo huandikwa kwenye faili la huduma yenyewe.) Na wazo si geni: Saltzer na Schroeder waliandika mwaka 1975 kwamba programu ipewe ruhusa za kazi yake tu.

Wapo wanaosema kipaumbele hicho nacho kinaweza kugandisha mashine. Kweli, ila kwa mpangilio wake wa kawaida Linux huziachia kazi nyingine asilimia 5 ya muda. Nywila ya ruti inamwachia nani asilimia 5?

Mistari ile miwili iliandikwa hatimaye, kwa dakika chache. Mwenzangu anasubiri masika mengine aanze upya.