Kura ya siri isiachiwe skrini

Mnamo Oktoba 2006, wiki tatu hivi kabla ya uchaguzi wa bunge, serikali ya Uholanzi ilipiga marufuku mashine za kura za kampuni ya Sdu. Hakuna aliyekuwa ameiba nywila wala kubadilisha kura hata moja. Kosa la mashine hizo lilikuwa kwamba skrini zake zilitoa mawimbi yenye nguvu kiasi cha kumwezesha mtu aliye nje, makumi ya mita kutoka kituoni, kunasa kwa kipokezi anachochagua mpiga kura. Jiji la Amsterdam, lililokuwa likizitumia, likarudia karatasi na penseli nyekundu.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu kila tunapokaribia uchaguzi, na sasa tunaelekea ule wa 2027, hujitokeza watu wanaotaka Wakenya wapige kura kwa kubonyeza skrini. Hoja zao ni kasi na gharama. Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Nakuru, na mawimbi ndiyo yaliyosomesha watoto wangu. Nasema kwa uzito wote: mashine isiingie katika kibanda cha kupigia kura.

Asiyeniamini achukue redio ya AM, aiweke katikati ya stesheni mbili, kisha aisogeze karibu na chaja ya simu au taa ya LED. Atasikia mkwaruzo. Umeme unaobadilika haraka ndani ya waya hutoa mawimbi, na waya huo huwa antena hata kama aliyeuunda hakukusudia hivyo. Skrini nayo huchora picha yake upya mara nyingi kila sekunde, na kila mchoro hutuma mawimbi yanayofuata umbo la kilichoandikwa. Mwenye kipokezi kizuri anaweza kuyakusanya na kuijenga picha ile mahali pengine.

Wanajeshi walilijua jambo hili zamani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wahandisi wa kampuni ya simu ya Bell waligundua kwamba mashine ya kuficha ujumbe waliyoliuzia jeshi la Marekani ilikuwa ikivujisha siri. Ili kulithibitishia jeshi, walikaa katika jengo la ng'ambo ya barabara mjini New York, mita 25 hivi kutoka kwenye mashine, wakanasa mawimbi yake, na baada ya saa chache wakawa wamesoma karibu robo tatu ya ujumbe uliodhaniwa kufichwa. Mwaka 1985 Mholanzi Wim van Eck alionyesha hadharani kwamba maandishi ya kompyuta yanaweza kusomwa kutoka mbali kwa televisheni ya kawaida na vifaa vichache vya bei nafuu. Skrini bapa zilipokuja wengi walidhani hatari imekwisha, hadi Markus Kuhn wa Chuo Kikuu cha Cambridge alipoonyesha mwaka 2004 kwamba nazo husomeka.

Huko Uholanzi aina ya pili ya mashine, ya Nedap, nayo ilikutwa na dosari. Jina kamili la chama kimoja kikubwa, CDA, lina alama juu ya herufi moja. Herufi hiyo ilipotokea, mwendo wa skrini ulibadilika, na wanaharakati wakiongozwa na Rop Gonggrijp wakaweza kuyatambua mabadiliko hayo kwa kipokezi cha redio. Alama moja tu ilitosha kumfichua mpiga kura.

Kinga ipo, na ninaijua. Mtambo hufungwa ndani ya sanduku la chuma, nyaya za umeme hupitishwa kwenye vichujio, na watu huwekwa mbali na kuta zake. Lakini mfuniko ukiacha mwanya, au fundi akibadilisha waya bila uangalifu, mawimbi hutoka tena. Cheti cha maabara hueleza hali ya mashine siku ilipopimwa. Hakielezi hali yake baada ya kulala ghalani miaka mitano na kurushwarushwa ndani ya lori hadi Lodwar. Waholanzi walipima gharama na ugumu wa kinga hiyo, na mwaka 2008 serikali yao ikaamua kubaki na karatasi.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya majasusi, na kwamba mwanakijiji hana siri ya kumtisha mtu. Mimi nilisimama kwenye mlolongo mwaka 1988, katika uteuzi wa wagombea wa chama cha KANU, tulipopanga foleni nyuma ya picha za wagombea mbele ya macho ya kila mtu. Mwajiri wangu wa wakati huo alikuwa pembeni akiangalia nani amesimama wapi. Nilisimama alikotaka nisimame, kwa sababu nilikuwa na kibarua cha kulinda. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 81, imetuahidi kura ya siri ili mnyonge asiwekwe tena mahali pale. Anayenunua kura leo hana uhakika kwamba alichonunua kimeingia debeni. Mpe kipokezi ndani ya gari lililoegeshwa nje ya kituo, naye atakuwa na stakabadhi.

Karatasi ina maovu yake, nakubali. Debe huweza kujazwa na hesabu huweza kupikwa. Lakini maovu hayo hufanyika mahali ambapo wakala na mwangalizi wanaweza kuona, kupinga na kuhesabu upya. Anayesikiliza mawimbi hagusi kitu na haachi alama, kwa hiyo hakuna ushahidi wa kupeleka mahakamani.

Sipingi teknolojia. Kifaa cha KIEMS kinachotambua alama za vidole hakijui nimemchagua nani, na mwaka 2022 fomu 34A za matokeo ya vituo ziliwekwa mtandaoni kila mtu akajumlisha mwenyewe. Hiyo ni kazi halali ya mashine: kubeba yale ambayo umma una haki ya kuyaona. Ninachoomba Bunge lifanye kabla ya 2027 ni kuandika katika sheria ya uchaguzi kwamba chaguo la mpiga kura litawekwa kwenye karatasi kwa mkono wake, na kwamba hakuna kifaa chenye umeme kitakachoruhusiwa ndani ya kibanda.