Panzi anageukaje nzige? Jibu linaanzia kwenye mvua ya jangwani

Mtoto akimwona panzi kwenye nyasi na kukuuliza kama huyo ndiye nzige, jibu fupi ni hili: kila nzige ni panzi, lakini si kila panzi anaweza kuwa nzige.

Panzi wako wa aina maelfu. Wengi wanaishi kivyao, wanakula majani yao, basi. Aina chache tu, akiwemo nzige wa jangwani, hubadilika zikibanana.

Wanabadilikaje?

Nzige wa jangwani akiwa peke yake ni mpole. Huwakwepa wenzake na huruka usiku. Mvua ikinyesha jangwani, majani huota na mayai mengi huanguliwa. Majani yakikauka, wote hukimbilia sehemu chache zilizobaki na kijani.

Hapo wanagusana miguu ya nyuma kila mara, na mguso huo huongeza kemikali ya serotonini mwilini. Ndani ya saa chache, aliyekuwa akiwakwepa wenzake anaanza kuwafuata. Tunutu, yaani watoto wasio na mabawa, huacha rangi ya kijani na kuwa na njano na nyeusi. Wakiota mabawa, kundi zima linaruka mchana.

Kundi la kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige milioni 80. Kila mmoja hula gramu 2 hivi kwa siku, sawa na uzito wake.

Tulichojifunza 2020

Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu na Luban, vilimwaga mvua kwenye jangwa la Rub' al Khali, kusini mwa Rasi ya Uarabuni. Nzige wakazaliana huko mbali na macho ya watu. Yemen, iliyokuwa vitani, haikuweza kuwadhibiti. Wakavuka hadi Pembe ya Afrika, na mwishoni mwa Desemba 2019 wakaingia Kenya kupitia Mandera. Kenya haikuwa imeona uvamizi mkubwa hivyo kwa miaka 70.

Wakulima walipiga madebe na mikebe. Lakini kelele huwahamishia tu kwenye shamba la jirani.

Muda mzuri wa kupambana ni mapema. Tunutu hukaa mwezi mmoja hivi bila kuweza kuruka. Wako chini, eneo ni dogo, dawa inayohitajika ni kidogo. Wakisharuka, wanaweza kwenda kilomita 150 kwa siku, na dawa inayomwagwa kila mahali inaua hata nyuki.

Shida ni kwamba wakati wa tunutu hakuna picha za kutisha kwenye simu, kwa hiyo pesa hazitoki haraka. Zikitoka, mahindi yameshaliwa.

Ukiona tunutu wa njano na nyeusi wakitembea kwa makundi, mwambie afisa kilimo siku hiyo hiyo. Na nzige waliopigwa dawa wasiliwe, wala kuku wasipewe.