Kabla ya kumnunulia mzee mashine ya kushtua moyo

SI AJABU siku hizi familia yenye wana Mombasa, Nairobi au hata ng'ambo kuchanga pesa ili mzee aliyebaki nyumbani Junju anunuliwe mashine ya kushtua moyo, ile ambayo madaktari huiita difibrileta. Nia ni njema. Mzee ana presha, umri umesonga, na hospitali kubwa iko Kilifi mjini, mwendo wa kilomita 20 hivi kwa barabara ya Mombasa na Malindi, mbali na ule wa kutoka shambani hadi kwenye lami. Lakini rai yangu ni kwamba katika nyumba nyingi za Junju mashine hiyo haifai kuwa kitu cha kwanza kununuliwa, na ikinunuliwa, isifungiwe chumbani mwa mtu mmoja.

Tuanze na kazi yake, maana hapo ndipo panapozuka dhana potovu. Moyo una umeme wake wenyewe. Umeme huo ukivurugika, moyo huacha kupiga na kuanza kutetemeka ovyo. Damu haisukumwi tena. Mtu huanguka, haitiki akiitwa, na huacha kupumua au hukoroma kwa vipindi kama anayetafuta hewa. Mshtuko wa mashine huukatiza mtetemeko huo ili moyo upate nafasi ya kurudia mapigo yake. Kazi ni hiyo tu. Mzee anayeshika kifua na kulalamikia maumivu huku akizungumza nawe haitaki mashine hii, anataka gari, tena upesi. Aliyepooza upande mmoja ghafla, aliyeumwa na nyoka, aliyebanwa na pumu, hao wote haiwafai kitu kwa maradhi hayo. Hata moyo ulionyamaza kabisa hauamshwi kwa umeme, sinema zidanganye zitakavyo.

Isitoshe, mashine haifanyi kazi peke yake. Moyo ukisimama namna hiyo na pasiwe na mtu wa kukandamiza kifua, kila dakika inayopita bila mshtuko hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Wapenzi wa kandanda watamkumbuka Christian Eriksen wa Denmark alivyoanguka uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021. Alishtuliwa mara moja na akaamka, na miaka iliyofuata akarudi kusakata mpira. Watu waliishika habari ya mashine wakaisahau ile ya mikono. Madaktari walikuwa hapo hapo kando ya uwanja, na kifua chake kilikandamizwa kabla ya mashine kutumika.

Je, nyumbani mambo huwaje? Swali hilo lilifanyiwa utafiti mkubwa katika nchi za matajiri, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Watu 7,001 waliowahi kupatwa na shambulio la moyo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa mashine ya kuweka nyumbani. Familia za kundi la pili zilitakiwa tu kuita gari la wagonjwa na kukandamiza kifua. Baada ya miaka mitatu hivi waliokufa walikuwa asilimia 6.4 upande wa mashine na asilimia 6.5 upande wa pili. Mashine zenyewe zilitumika kwa watu 32, zikawashtua 14, na 4 wakatoka hospitali wakiwa hai. Takriban nusu ya waliosimamiwa na moyo nyumbani hapakuwa na mtu aliyewaona wakianguka. Na hizo ni nchi ambazo ukipiga simu, gari la wagonjwa huja.

Sasa hebu fikiria Junju saa nne za asubuhi. Vijana wako kazini kwenye mkonge Vipingo au wamepanda matatu kwenda Mtwapa. Nyumbani yuko mzee, nyanya na wajukuu wawili ambao hawajaanza shule. Nani atakayemteremsha mzee kitandani, amlaze chali chini kwenye sakafu ngumu (kwenye godoro nguvu zote hupotelea humo), amkandamize katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 au zaidi kidogo, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akipiga simu na wa tatu akifungua mashine? Hiyo ni kazi ya kutoa jasho, na kijana mwenye nguvu hulegea baada ya dakika mbili. Kwa hiyo nasema pesa za kwanza zitumike kuwafundisha watu watatu au wanne wa boma moja, pamoja na jirani mwenye gari au pikipiki. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu iandikwe ukutani kwa herufi kubwa.

Pesa za pili zinunue kipima presha cha kufunga mkononi juu ya kiwiko. Jina la Junju linajulikana kwa wataalamu wa malaria duniani kote, kwa sababu watafiti wa KEMRI walio Kilifi wamewafuatilia watoto wa huko kwa miaka mingi. Homa tumejifunza kuiogopa. Presha bado hatuiogopi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Mzee asiyejua presha yake, au aliyeacha dawa kwa kuwa anajisikia mzima, humnunulii mashine ya malaki ya shilingi ukasema umemkinga. Mpimeni akiwa ameketi na kutulia, mwandike daftarini, na ikipita 140 kwa 90 siku baada ya siku apelekwe kwa daktari, na mtume pesa za dawa kila mwezi bila kungoja kuombwa. Naona aibu kusema hivi, lakini familia zetu huchanga upesi kwa jambo kubwa la siku moja kuliko kwa jambo dogo la kila mwezi.

Wako wachache ambao daktari wa moyo atasema hatari yao ni kubwa mno, kwa mfano mtu ambaye moyo uliwahi kusimama akaponea chupuchupu. Huyo huenda akashauriwa apandikizwe kifaa kidogo kifuani kinachoshtua chenyewe. Uamuzi huo ni wa daktari, wala si wa kikao cha familia.

Mkiisha kufanya hayo na bado mna uwezo, nunueni, ila mjue mnanunua nini. Kataeni zile kubwa za hospitali zenye kioo cha kusoma mapigo, kwani zinataka mtaalamu. Inayofaa ni ile inayojipimia moyo yenyewe, ikikataa kushtua pasipohitajika, hivi kwamba hata mwenye hofu hawezi kumdhuru mtu kwa kukosea. Muulize muuzaji inazungumza lugha gani. Nyingi huagiza kwa Kiingereza, na nyanya anayejua Kichonyi na Kiswahili chake atasikia sauti ikimwamuru asichokielewa saa ile roho i mkononi. Kama Kiswahili hakimo, hatua zake zikaririwe mapema: kausha jasho, bandika vibandiko viwili kifuani kama picha inavyoonyesha, wote waondoe mikono, bonyeza, kisha rudi kukandamiza.

Vibandiko hivyo ndivyo gharama wasiyoitaja madukani. Gundi yake hukauka, na aghalabu huisha muda baada ya miaka miwili au zaidi kidogo, hata kama havijatumiwa. Betri haitaki stima na hukaa miaka kadhaa, lakini nayo huisha. Uliza kama vyote viwili vinapatikana Mombasa, na kwa bei gani, kabla ya kutoa hata senti. Uliza pia kama vipo vya watoto wa chini ya miaka minane, au kama mashine ina swichi yao. Kwetu pwani kuna jambo jingine, nalo ni joto na upepo wa chumvi unaokula hata bawaba za milango. Mashine nyingi hazitakiwi kuwekwa penye joto linalozidi nyuzi 50, kwa hiyo isikae juu ya kabati chini ya mabati wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Tafuta iliyothibitishwa kuzuia vumbi na maji. Iliyotumika na kuletwa na shemeji kwenye sanduku la nguo usiikubali mpaka ujue imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na kwamba mtengenezaji hakuwahi kuiita irudishwe kwa hitilafu.

Kisha ikae wapi? Chumbani kwa mzee itamngojea mtu mmoja. Nyumba tano zikichanga pamoja, ikawekwa dukani stejini au kwenye msikiti au kanisa lenye mlinzi wa usiku, itawangojea wote, pamoja na abiria na wavuvi wanaopita. Mtu mmoja mwenye simu isiyozimwa apewe kazi ya kutazama taa yake ya kijani kila Ijumaa au Jumapili, na tarehe ya vibandiko iandikwe kwa rangi juu ya kasha. Ufunguo, kama lazima uwepo, usiondoke na mwenye duka afungapo jioni.