Kobe Naye Apata Uhamisho

Amri ya uhamisho humfikia askari bila kumwuliza ana mizigo mingapi. Mama mmoja wa Gitega atueleza kwamba baba watoto amepangiwa kazi Muyinga, na vyombo vyote vimekwisha kufungwa. Amebaki kobe wa watoto. Baba asema aachwe porini, watoto wanalia. Mama auliza: je, kobe aweza kuistahimili safari hiyo ya kupitia Karuzi?

Naam, aweza. Lakini kabla ya kutafuta sanduku, tafuteni ruhusa. Kobe wote wa nchi kavu wamo katika orodha za mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini baina ya mataifa. Burundi ilijiunga nao mwaka 1988, na mwaka 2011 ikatunga sheria yake juu ya biashara hiyo. Basi iulizeni kwanza Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira (OBPE) kama kobe huyo aruhusiwa kufugwa na kuhamishwa. Tena kutoka Muyinga, mpaka wa Kobero u karibu. Kumvusha kobe kwenda Tanzania pasipo kibali ni kosa, hata akiwa ndani ya kikapu cha mtoto.

Ukali huu una sababu. Mwaka 1919 kobe wanne wakubwa walitolewa Shelisheli wakapelekwa kisiwani Changuu, Zanzibar. Walizaana hata wakafikia 200 mwaka 1955. Lakini wizi wa kuwauza ukawapunguza, wakabaki 7 tu mwaka 1996.

Ruhusa ikipatikana, safari si ngumu. Mwili wa kobe hufuata joto la mahali alipo. Kwa hiyo maadui wake njiani ni wawili: baridi ya alfajiri milimani, na joto la gari lililofungwa na kuachwa juani. Hilo la pili huua upesi.

Jioni ya kuamkia safari, mwekeni kwa muda wa dakika 20 katika maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu chake, apate kunywa na kujisaidia. Asubuhi msimpe chakula. Kobe mwenye afya hadhuriki kwa siku moja ya njaa. Sanduku liwe gumu, lenye matundu, na limzidi kidogo tu, kwa maana katika sanduku kubwa atagongwagongwa kila kona. Tandikeni majani makavu. Giza la ndani litamtuliza.

Sanduku lisipandishwe juu ya basi, wala lisitiwe nyuma pamoja na masufuria. Likae miguuni pa mtu mzima. Na kobe asilazwe chali: mapafu yake yako chini ya gamba la mgongoni, na akipinduliwa matumbo huyalemea.

Akina mama, kumbukeni pia usafi. Kobe aonekanaye mzima aweza kubeba vijidudu vya salmonela, viletavyo homa na kuhara. Kila amshikaye anawe mikono kwa sabuni, sanduku lisikae karibu na chakula cha njiani, na watoto walio chini ya miaka mitano wasimshike kabisa.

Mkifika, mpeni ua wenye jua na kivuli. Akikataa kula siku mbili tatu, msimlazimishe. Anaizoea nyumba mpya.

Na kama ruhusa haikupatikana, je? Hata hapo asitupwe porini. Aliyelelewa uani aweza kuwapelekea wenzake maradhi, naye mwenyewe hajui maji yako wapi. Mkabidhini kwa ofisi hiyo, nanyi waelezeni watoto sababu. Watalia siku moja, lakini watajifunza.

Kobe huishi makumi ya miaka. Huenda baba akahamishwa mara nyingine tano, na kila mara kobe atakuwa mlangoni akingoja sanduku lake. Anayetaka kumfuga na alifikirie hilo mapema, siku ile mtoto anapomleta nyumbani mikononi.