Chombo Kinapokataa Kuruka

Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kuchorewa ramani kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Mwanafunzi wa Mkunya, wilayani Newala, akiunda ya kwake ili aitazame mikorosho kutoka juu, huenda akakuta mota hazizunguki. Asiharakishe kuzilaumu.

Ndege ya mota 4 huwa na vidhibiti mwendo 4. Vingi havina budi kufundishwa kiwango cha chini na cha juu cha kijiti cha nguvu. Kimoja kikitofautiana na vingine, mota huanza kwa kupishana na ndege hupinduka. Aidha, kompyuta ndogo iliyomo hukataa kuziwasha mota ikiwa kijiti hakiko chini kabisa, betri imepungua, au kipima mwinamo hakijasawazishwa.

Wapo wanaouzima ukaguzi huo ili ndege iruke upesi. Hilo ni kosa. Kukataa kwa chombo ni jibu, nalo lastahili kusomwa kama matokeo ya jaribio lolote la maabara. Mwalimu na ahimize mapangaboi yafunguliwe kwanza, sababu itafutwe, kisha kibali kiombwe kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mota ina kipuri. Kidole cha mwanafunzi hakina.